Kwa mpwa wangu anayeuliza "jiji lina nini?"

Marahaba, mpwa wangu.

Ujumbe wako nimeupata: "Mjomba, mwezi ujao naenda jiji kubwa kwa mara ya kwanza, nipe dondoo." Hukutaja jiji. Hukutaja siku wala unapolala. Ujumbe kama huo ukiutupa kwenye kundi lolote utajibiwa na watu ishirini: mmoja atasema uchunge simu, mwingine atakutajia mnara, wa tatu ataandika "utapapenda sana". Kuuliza si ujinga, ila kuna kuuliza kunakomwacha mwenyeji hana pa kuanzia. Nakujibu hadharani kwa sababu wanaouliza hivi ni wengi, na wanaojibu ovyo ni wengi zaidi.

Anza na uwanja wa ndege, na uutaje kwa zile herufi tatu zilizo kwenye tiketi. Jiji kubwa mara nyingi lina zaidi ya kiwanja kimoja. London ina Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted (STN), Luton (LTN) na City (LCY). Tokyo ina Haneda (HND), ulio karibu na katikati ya jiji, na Narita (NRT), ulio kama kilomita 60 nje. Kiwanja cha Beauvais huuzwa kwa jina la Paris, na kutoka hapo hadi Paris yenyewe ni kilomita 80 na ushee. Istanbul ndiyo kali zaidi: IST uko upande wa Ulaya, SAW upande wa Asia, na katikati kuna mlango-bahari wa Bosporus. Kwa hiyo mtu akikwambia "panda treni ya uwanjani, mara moja umefika", huenda anasema kweli kabisa, ila kuhusu kiwanja ambacho wewe hutui.

Halafu taja saa. Saa ya ndege kutua si saa ya wewe kutoka nje: kuna foleni ya pasipoti, kuna mizigo, kuna kutafuta mlango. Jipe saa moja, na kwenye viwanja vikubwa jipe mbili. Uliza hivi: "Nikitoka nje na mabegi mawili karibu na saa sita usiku, ni usafiri gani bado unatembea mpaka mtaa huu?" Hilo ni swali linalojibika. Na hapa angalia mtego wa namba: tiketi ikisema 00:20 tarehe 15, maana yake unatakiwa uwe uwanjani usiku wa tarehe 14. Kuna wanaofika siku nzima baadaye, tiketi mkononi, wakishangaa. Vilevile ukiandikiana na mwenyeji asiye Mswahili, andika 19:00, usimwambie "saa moja".

Anwani itume nzima, si jina la hoteli tu, maana hoteli zenye jina moja zinaweza kuwa tano katika jiji moja. Anwani ina mengi ndani yake ukijua kuisoma. Paris imegawanywa katika wilaya 20 zinazojizungusha kama gamba la konokono kuanzia katikati, na tarakimu mbili za mwisho za namba ya posta ndizo wilaya: 75001 ni katikati, 75018 ni wilaya ya 18, kaskazini. Sehemu kubwa ya Manhattan, kule New York, ilipangwa kwa miraba tangu mpango wa mwaka 1811: Fifth Avenue ndiyo mpaka wa mashariki na magharibi, kwa hiyo neno "East" au "West" mbele ya namba ya barabara usiliache, litakupeleka upande mwingine. Ukitembea kaskazini au kusini, vipande 20 vya barabara ni karibu kilomita 1.6, vile vya kukata mashariki na magharibi ni virefu zaidi. Tokyo ni habari nyingine kabisa, kwani barabara nyingi hazina majina. Anwani ni namba ya eneo, namba ya kipande cha ardhi, kisha namba ya jengo. Huko usijisumbue kueleza. Tuma alama ya ramani. Na ukiambiwa "ghorofa ya kwanza", nchi nyingi za Ulaya ni juu ya ile ya chini, Marekani ndiyo hiyo hiyo ya chini.

Taja pia unasafiri na nani na miguu yenu inaweza nini. Bibi mwenye magoti mabovu na kijana mwenye begi la mgongoni hawapewi njia moja. Stesheni nyingi za zamani hazina lifti. London ilianza treni za chini ya ardhi mwaka 1863, na hilo unalihisi kwenye ngazi: pale Covent Garden kuna lifti, lakini anayeamua kupanda kwa miguu anakutana na ngazi 193 zinazozunguka. Mwenyeji akisema "ni karibu tu", mwulize ni dakika ngapi kwa mguu na kama kuna kilima. Mtu mzima kwenye tambarare huenda kama mita 80 kwa dakika. Akiwa na mtoto na sanduku, toa theluthi.

Sasa maswali yenyewe. "Nione nini?" si swali la kumwuliza mtu, kwa sababu jibu lake limejaa kila mahali. Uliza kuhusu siku zako. Louvre hufungwa Jumanne, makumbusho ya Orsay Jumatatu. Mtu mwenye siku hizo mbili tu Paris anaweza kuona zote mbili au akakosa zote mbili, inategemea aliyempangia. Kasri la Topkapi mjini Istanbul nalo hufungwa Jumanne, na Ijumaa adhuhuri misikiti mikubwa ya pale huwazuia watalii mpaka swala iishe. Makumbusho ya Vatican hayafunguliwi Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Kisha uliza nini lazima kikatiwe tiketi kabla. Tiketi ikate kwenye tovuti ya mahali penyewe. Ukitafuta intaneti, zinazotokea juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya wachuuzi wanaouza tiketi ile ile kwa bei ya juu. Na tiketi ya "kuruka foleni" huruka foleni ya kununua, haikuondolei foleni ya kukaguliwa mabegi. Hilo ndilo linalowaudhi watu mlangoni.

Usafiri wa ndani ndio unaomla mgeni muda na fedha, kwa hiyo maswali yako mengi yaelekeze huko. Uliza mambo manne: nalipaje, naguzisha kadi wapi, treni zipi zinafanana lakini hazisimami sawa, na mwisho wa wiki kuna nini. Chukua London. Kwenye treni za chini ya ardhi unagusisha kadi ya benki kwenye mashine ya mlangoni ukiingia na ukitoka. Ukisahau kugusisha ukitoka, unatozwa nauli ya juu kabisa. Kwenye basi unagusisha ukipanda tu, na fedha taslimu hazipokelewi tangu mwaka 2014. Kuna kiwango cha juu cha makato kwa siku, ila mfumo unakutambua kwa kifaa. Asubuhi ukitumia kadi na jioni simu yenye kadi hiyo hiyo, wewe ni abiria wawili, na kiwango chako hakifikiwi. Watu wawili vilevile hawawezi kupita kwa kadi moja. Na usiguzishe pochi nzima yenye kadi tatu, mashine itachagua inayoitaka yenyewe.

New York treni zinatembea usiku na mchana, lakini kwenye reli zilezile kuna zinazosimama kila kituo na zinazoruka vituo. Ukipanda ya kuruka unaona kituo chako kinapita dirishani. Pia baadhi ya stesheni zina milango tofauti ya kwenda "Uptown" (kaskazini) na "Downtown" (kusini); ukiingia usipotakiwa, huenda ukalazimika kutoka nje, kuvuka barabara na kulipa tena. Soma kibao cha nje kabla ya kushuka ngazi. Cairo, ambako metro ilifunguliwa mwaka 1987, kuna mabehewa ya katikati yaliyotengwa kwa wanawake. Mwanamume anayekimbilia mlango wowote ulio wazi atafukuzwa kwa macho kabla ya maneno.

Na ramani ya treni si ramani ya jiji. Ile ya London ilichorwa upya na mchoraji Harry Beck, ikatolewa mwaka 1933, na kusudi lake lilikuwa kuonyesha mpangilio wa vituo, si umbali. Kati ya Leicester Square na Covent Garden ni mita 260 hivi. Mgeni hulipa nauli nzima, akashuka chini, akasubiri, akapanda tena juu, kwa mwendo ambao kwa mguu hauzidi dakika tano. Kabla ya kupanda treni ya kituo kimoja au viwili, fungua ramani ya mitaa ulinganishe. Mtu akikuelekeza stesheni, mwombe na namba ya mlango wa kutokea. Shinjuku, Tokyo, ina milango zaidi ya mia moja na hamsini ukihesabu yote. Kusema "tukutane Shinjuku" ni sawa na kutosema chochote.

Ukishapata majibu, yachuje. Kwanza angalia mjibu ni mwenyeji au alipita tu. Mwenyeji anajua basi lipi halichelewi na mtaa upi una kelele, lakini huenda hajapanda mnara wa jiji lake miaka kumi na hajui tiketi sasa zinakatwaje. Aliyepita mwezi jana anajua tiketi, ila siku tatu hazitoshi kujua mitaa. Basi kila mmoja mwulize anachokijua. Pili, tarehe. Dondoo huoza. Maandishi ya zamani bado yanawaelekeza watu kiwanja cha Atatürk, Istanbul, ilhali ndege za abiria zilihamia kiwanja kipya Aprili 2019. Kiwanja cha Tegel, Berlin, kilifungwa mwaka 2020. Kanisa la Notre-Dame, Paris, liliungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, kwa hiyo ushauri wa katikati ya hapo unakwambia usiende. Nauli, saa za kufungua na njia ya kulipa zihakikishe kwenye tovuti rasmi wiki ya safari.

Ya fedha na umeme ni mafupi. Kwenye ATM au dukani, mashine ikikuuliza kama ukatwe kwa sarafu ya kwenu au ya pale, chagua ya pale. Ukichagua ya kwenu, wenye mashine ndio wanaopanga kiwango cha kubadilisha, na hawakupangii kwa huruma. Hoteli inaweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana na kukirudisha siku kadhaa baada ya kuondoka, hivyo usisafiri na kadi moja yenye salio la kubana. Plagi ya kubadilishia hubadilisha umbo tu, haibadilishi volti. Soma chaja: ikiandikwa 100–240V itafanya kazi Uingereza (230), Marekani (120) na Japani (100). Pasi na mashine ya kukaushia nywele mara nyingi haviandikwi hivyo. Cha volti 120 ukikichomeka kwenye 230 kinaungua. Cha 230 kwenye 120 kinapata uvuguvugu tu.

Simu: pakua ramani ya jiji ungali nyumbani, na piga picha ya skrini ya anwani kwa maandishi ya nchi ile, maana dereva wa teksi anaweza asisome herufi zako. Usisimame karibu na mlango wa treni ukichezea simu. Inanyakuliwa mlango unapofunga, na mwizi anabaki nje wewe ukiondoka na treni. Anayekufunga uzi mkononi au kukupa karatasi usaini ana mwenzake nyuma yako. Dereva anayedai hoteli yako imefungwa, mwambie akupeleke ukaione ilivyofungwa.

Ukirudi, zamu ya kujibu itakuwa yako. Usimwandikie mwenzako "panafikika kirahisi". Andika ulitoka mlango namba ngapi, saa ngapi, siku gani, foleni ilichukua dakika ngapi, na uweke mwezi na mwaka.

Sasa nitumie ujumbe wa pili: jiji, herufi tatu za uwanja, saa ya kutua, anwani ya kulala, mko wangapi, na vitu viwili ambavyo usipoviona utasikitika. Viwili, si kumi na mbili.

Wako,
Mjomba