Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Mwaka huu sisi wapenzi wa santuri tulikuwa na kumbukumbu nyingi za kuadhimisha. Kamati ilichagua chache ili tupate muda wa kusikiliza, na iliyonigusa zaidi ni miaka 100 ya kurekodi muziki kwa umeme.

Kabla ya 1925 mwimbaji aliimba mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyosukuma sindano ichore mfuo kwenye nta. Wanamuziki walibanana mbele ya pembe hiyo, wenye vyombo vya kelele wakisogezwa nyuma. Ngoma kubwa ilikwepwa, maana kishindo chake kingeweza kuirusha sindano. Ndipo mwaka huo kampuni za santuri za Victor na Columbia zikaanza kurekodi kwa maikrofoni na mitambo ya kampuni ya Western Electric.

Kikaoni tulipiga "St. Louis Blues" ya mwimbaji wa blues Bessie Smith, iliyorekodiwa kwa pembe Januari 1925, Louis Armstrong akimjibu kwa kornet, chombo kinachofanana na tarumbeta. Kisha tukapiga moja ya rekodi za Bessie za Mei mwaka uleule, zilizopitia maikrofoni. Katika ile ya kwanza kinanda kinasikika kama kiko chumba cha pili. Katika hii bendi nzima imesogea karibu. Tuliirudia mara tatu, na hakuna aliyelalamika. Hata hivyo, Armstrong alipoanza kurekodi na bendi yake ya Hot Five mjini Chicago, tarehe 12 Novemba 1925, bado ilikuwa kwa pembe, na kwa masikio yangu kornet yake haikupungukiwa na kitu.

Kuna kosa ambalo nawaomba radhi. Kalenda yetu iliandika kwamba "No Woman, No Cry" imetimiza miaka 50 mwaka huu. Wanachama wawili wakatukumbusha haraka kuwa wimbo huo ulitoka 1974, katika albamu ya Natty Dread. Toleo lililo mioyoni mwa wengi wetu, lile ambalo umati unaanza kuimba kabla Bob Marley hajatamka neno, lilirekodiwa katika ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975. Kwa hiyo kuanzia sasa kila kumbukumbu itaeleza wazi: ni ya siku ya kurekodi, ya kutolewa, au ya kupigwa jukwaani.

Hesabu ziko sawa, na mweka hazina atazisoma mkutanoni. Namshukuru kwa moyo wote.

Mwaka 2026 tutaadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mwanamuziki wa rock and roll Chuck Berry, tarehe 18 Oktoba. Kabla ya hapo, tarehe 28 Septemba, Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder itatimiza miaka 50. Albamu hiyo ilitoka na santuri mbili kubwa pamoja na santuri ndogo yenye nyimbo nne, na hiyo ndogo ndiyo hupotea. Mwenye nakala ambayo bado inayo, tafadhali amjulishe katibu kabla ya mwisho wa Machi.

Mwenyekiti