Kabla ya kununua sola, someni mita Jumapili asubuhi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumze na wenye majengo wa Kisumu, pamoja na wapangaji wao, maana bili ya stima ni yao wote hata kama risiti ina jina la mmoja.

Mimi ni fundi wa stima. Mwezi wa pili mwaka huu niliitwa na mwenye jengo moja la orofa nne, si mbali na Barabara ya Oginga Odinga. Bili ilikuwa imemchosha, na muuzaji wa sola alikuwa ameshampelekea makadirio ya kufunika paa zima kwa paneli. Kwangu alitaka jambo dogo tu: nipande juu, nipime, nimwambie kama paa linatosha. Nikamwomba anipe kwanza Jumapili moja, jengo likiwa tupu.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Ofisi zote zilikuwa zimefungwa, yupo keateka, mtunza jengo, peke yake na redio yake. Nikasoma mita kuu, nikanywa chai naye, na ilipotimia saa moja nikasoma tena. Yuniti tisa. Wenye ofisi wako kwao wamelala, nalo jengo limekula yuniti tisa kwa saa moja.

Tukaanza kuzitafuta. Ya kwanza ilihitaji masikio tu: kule chini pampu ya maji ilikuwa ikinguruma. Nikamuuliza keateka ni nani anayetumia maji saa hizi. Akacheka. "Fundi, hiyo huimba tangu niajiriwe. Nilidhani ndiyo tabia yake." Tukapanda juu kwenye tangi. Boya linalopaswa kuelea na kuikata pampu maji yakijaa lilikuwa limetoboka, limezama chini kabisa. Maji yanafika ukingoni, yanatokea kwenye bomba la ziada, yanateremka ukuta wa nyuma hadi mferejini. Ukuta ule ulikuwa umeota uchafu wa kijani toka juu mpaka chini, na watu wamepita hapo miaka yote wakidhani ni mvua.

Pampu yenyewe ni ya nguvu-farasi 3, yaani kama kilowati 2.2. Ikizunguka saa 10 za bure kila siku, hizo ni yuniti 22; kwa mwezi, yuniti 660. Zidisha kwa shilingi 20 tu, ingawa tunajua sote kwamba tunalipa zaidi, unapata 13,200. Boya jipya halikufika elfu mbili. Na maji yaliyomwagika sijayatia kwenye hesabu.

Ya pili ni ya Kisumu hasa. Taa za nje zilikuwa zinaendeshwa na taima ya kuzunguka, ile isiyo na betri ndani. Stima ikipotea, nayo inasimama; stima ikirudi, inaendelea pale pale ilipoachia. Sasa jiulize stima hupotea mara ngapi hapa kwetu. Dakika na saa zile zilikuwa zimejumlishana hadi taima ikaamini kwamba saa nne asubuhi ndiyo magharibi. Taa zinawaka jua likiwa utosini, na ikifika saa nne usiku zinazimika. Soja alipolalamikia giza, akafungiwa taa nyingine kwa waya wake, taa isiyozimwa usiku wala mchana. Taima yenyewe hakuna aliyeifungua. Kuirekebisha kulinichukua dakika tano, na kuibadilisha kwa yenye betri ni kazi ya asubuhi moja.

Vitu vingine vilikuwa viyoyozi. Vitatu vilikuwa vinavuma ndani ya ofisi zilizofungwa tangu Ijumaa. Jumatatu nilirudi nivione vikiwa kazini, nikakuta kimoja kimefungwa juu kidogo ya mashine ya fotokopi. Joto la mashine linapanda moja kwa moja hadi puani mwake, nacho kinadhani chumba kinaungua, kinapuliza baridi bila kupumzika. Dada wa mapokezi aliyekaa mbele yake alikuwa amevaa sweta. Sweta, Kisumu, Februari! Huko nje, vyuma vyembamba vinavyotoa joto vilikuwa vimezibwa na vumbi na vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi. Tulivitoa kwa brashi na maji, vikajaza karai.

Lililoniuma zaidi ni kwamba jengo hilo halikuhitaji viyoyozi vingi hivyo. Aliyelichora alilijua ziwa. Aliweka madirisha pande mbili zinazotazamana, matundu ya hewa karibu na dari, na vikinga jua vya saruji juu ya kila dirisha, ili upepo wa ziwa wa alasiri uingie huku utokee kule. Baadaye wapangaji wakagawanya vyumba kwa kuta za jipsamu, mwingine akaziba matundu kwa sababu ya mbu, na upepo ukakosa njia. Ndipo kila chumba kikadai mashine yake.

Wahandisi wana jina la kazi niliyokuwa nikiifanya: komishoningi. Tafadhali isichanganywe na komisheni ya dalali wa nyumba. Maana yake ni kulijaribu jengo chombo kwa chombo na kuona kama kinafanya kile kilichokusudiwa, kwa saa iliyokusudiwa, na vyote kwa pamoja bila kupigana. Neno lilitoka kwa mabaharia: meli haipewi kazi mpaka ijaribiwe majini. Majengo yetu hukatiwa utepe, yakapigwa picha, na kazi ikaishia hapo. Jengo lililofunguliwa bila kujaribiwa linaweza kujaribiwa hata likiwa na miaka thelathini, na ndilo lenye mengi ya kuokolewa.

Huko Marekani, Maabara ya Lawrence Berkeley ilichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa majengo 643 yaliyofanyiwa kazi hii. Kwa yale yaliyokuwa tayari yanatumika, jengo la katikati katika orodha liliokoa asilimia 16 ya nishati, na gharama ikarudi kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo. Simwahidi mtu asilimia hizo hapa. Majengo yao yana mitambo mikubwa ya kupasha joto na kupoza ambayo mengi yetu hayana. Lakini aina ya makosa inafanana kabisa: saa iliyokosewa, kipimajoto kilichowekwa mahali pabaya, vali isiyofunga, mashine inayowaka kwa kuwa hakuna aliyeambiwa aizime.

Najua kuna atakayesema sheria ipo. Ni kweli. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zinamtaka mwenye jengo linalotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka afanye ukaguzi kila baada ya miaka mitatu, na atekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Ila jengo la yuniti 14,000 kwa mwezi haliguswi, na mengi ya katikati ya mji yako chini ya hapo. Na hata kwa yale yanayoguswa, ripoti si bisibisi. Nimewahi kuikuta moja, nene, imejalidiwa vizuri, ikiwa imeegemeza mguu wa meza. Ukurasani ilisema kapasita za jengo, vile vifaa vinavyopunguza stima inayozunguka kwenye waya bila kufanya kazi, zimekufa, na kwa hiyo mwenyewe anatozwa faini kila mwezi kwa kuwa kipimo cha nguvu (pawa fakta, yaani sehemu ya stima inayofanya kazi ya kweli) kimeshuka chini ya 0.9. Nilipofungua kisanduku cha kapasita, mjusi alikuwa ametaga humo.

Kisa si ujinga. Mwenye nyumba halipi stima peke yake, mpangaji hamiliki pampu, na keateka hana ruhusa ya kugusa swichi wala hajawahi kuonyeshwa mchoro wa jengo analolilinda. Kila mmoja anaona kipande chake, na bili inagawanywa kwa orofa.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti ni ianze na ofisi zake yenyewe. Haihitaji kununua kitu. Ichukue mafundi wake, iwape wikendi chache, wasome mita jengo likiwa tupu na tena saa nane mchana joto likiwa kali, waandike wanachokiona na kukirekebisha papo hapo. Jengo jipya lisipokelewe mpaka mitambo yake ijaribiwe ikiwa na mzigo, mbele ya fundi atakayebaki nayo, si mbele ya mkandarasi tu. Michoro na vitabu vya mashine vikae na keateka, visifungiwe kabatini Nairobi. Na kazi irudiwe, kwa sababu boya litatoboka tena na mpangaji mpya atahamisha ukuta tena.

Kuhusu yule mwenye jengo: wiki mbili baada ya matengenezo nilirudi Jumapili, saa ile ile. Mita ilikula yuniti tatu. Sola bado anaitaka, nami siipingi, naifunga na ni sehemu ya riziki yangu. Lakini makadirio aliyokuwa ameletewa yalihesabu pia stima ya kumwaga maji mferejini na ya kumulika mchana kweupe. Ameyarudisha yahesabiwe upya.

Kwa wenye majengo wengine: Jumapili hii, kabla ya kwenda kanisani, pitia kwako usome mita saa kumi na mbili, kisha usome tena saa moja. Toa ya kwanza kwenye ya pili, halafu mwite keateka wako mketi naye. Huenda anajua stima inakokwenda, ila hajawahi kuulizwa.

Fundi wa stima,
Milimani, Kisumu