Malalamiko: FCU (kidhibiti cha mafuta ya injini) imebadilishwa mara mbili kwa kosa lililokuwa kwenye waya wa joto

Idara ya Matengenezo ya Ndege,
Uwanja wa Ndege wa Dodoma.

Meneja wa Huduma,
Karakana ya Injini.

YAH: KAZI MLIYOIFANYA KWENYE INJINI YA PT6A-114A, NDEGE YA CESSNA 208B

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndege ililetwa kwenu ikiwa na kasoro moja tu iliyoandikwa na rubani kwenye kitabu chake: kwa toki (nguvu ya mzunguko) ileile, ITT (joto la kati ya turbini) inasoma nyuzi 30 zaidi ya kawaida yake, ilhali Ng (mwendo wa kompresa) na mtiririko wa mafuta havijabadilika. Mmeondoa FCU, mkafunga nyingine, ITT ikabaki pale pale. Mkaondoa na hiyo, mkafunga ya tatu. Ndege imerudi Dodoma na ITT yake ya juu, pamoja na kosa jipya ambalo haikuondoka nalo.

Jibu la kasoro hiyo lilikuwa ndani ya sentensi ya rubani. Kwenye PT6, ITT, Ng na mafuta vikipanda vyote kwa toki ileile, unaanza upande wa baridi: kompresa chafu, au vali ya kutoa hewa ya kompresa inavuja. ITT na mafuta vikipanda huku Ng ikishuka, unaenda sehemu ya moto: chumba cha mwako na turbini. Mshale mmoja ukihama peke yake, unashuku kipimo kabla ya kushuku injini. FCU haina habari na ITT. Inapokea nafasi ya mkono wa nguvu, mwendo wa Ng na shinikizo la hewa ya P3 (iliyobanwa na kompresa), kisha inatoa mafuta. Ili ipandishe ITT ni lazima imwage mafuta zaidi, na geji ya mtiririko wa mafuta ingesema. Haikusema.

Fundi wenu alitujibu kwa simu kwamba "hilo ni joto na mwinuko wa Dodoma." Uwanja huu kweli uko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba si mchezo. Lakini jedwali la mwenendo wa injini tulilowatumia linalinganisha ndege hii na yenyewe, likiwa limesahihishwa kwa mwinuko na joto la nje. Mwinuko wa Dodoma haukubadilika wiki ile. Hata vumbi la viwanja vya changarawe, ambalo huku kiangazi ni la kila siku, lingepandisha Ng pamoja na ITT.

Tulichokifanya baada ya kuipokea ni hiki. Geji ya ITT ililishwa ishara kwa kifaa cha majaribio: themokapo (vihisi joto vya waya wa metali mbili) za kromeli na alumeli hutoa milivolti 29.13 kwa nyuzi 700 na 33.28 kwa nyuzi 800, kiungo baridi kikiwa nyuzi 0. Geji ikasoma sawasawa, ikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Tukatenganisha waya upande wa injini na kupima ukinzani wa themokapo 8 za T5, yaani zinazopima ITT, pamoja na kuvuja kwa umeme wake kwenda bodi. Zote ziko ndani ya mipaka ya kitabu. Sumaku ndogo ikathibitisha kwamba waya hazikupishana, maana alumeli hushikwa na sumaku, kromeli haishikwi.

Ikabaki themokapo ya kurekebisha. Hii huunganishwa sambamba na zile 8, lakini yenyewe imekaa kwenye hewa baridi inayoingia kompresa, kwa hiyo huvuta usomaji chini kwa kiasi kilichochaguliwa kwa injini hiyo kwenye benchi la majaribio. Ikikatika, kinachovuta chini kinaondoka, na mshale unaruka juu bila injini kuwaka hata nyuzi moja zaidi. Nati yake ilizunguka kwa vidole. Chini yake palikuwa na kutu nyeusi. Tukasafisha, tukakaza kwa kiwango cha kitabu, tukawasha injini: nyuzi 30 zimeondoka. Saa moja na nusu, bila kipuri hata kimoja.

Sasa kosa mliloongeza. Kwenye jaribio la ardhini mkono wa nguvu ulisogezwa mbele, injini ikapanda kidogo, halafu Ng ikaanguka hadi mwendo wa chini na kugoma hapo. Fundi wenu alishauri tusukume mkono wa dharura "tuone kama FCU inafanya kazi." Tumekataa. Mkono ule unaruka sehemu ya hewa ya FCU na kusukuma vali ya mafuta moja kwa moja. Ukiusogeza haraka, ITT inapita kikomo chake cha nyuzi 805 kabla mkono wako haujarudi. Umewekwa kwa ajili ya rubani aliyepoteza nguvu angani. Si kifaa cha kupimia.

Badala yake tulipaka maji ya sabuni kwenye viungo vya paipu za hewa, injini ikiwa mwendo wa chini. Nati ya paipu ya P3 upande wa FCU ilitoa povu. Haikukazwa, na lokiwaya (waya wa kuzuia nati isilegee) haikuwepo kabisa. P3 ikivuja, FCU inadhani kompresa haina hewa, inashuka hadi kiwango cha chini cha mafuta. Ndivyo imeundwa. Fikirieni hilo likitokea ndege imejaa abiria na magurudumu yametoka ardhini sekunde 20 zilizopita. Na kuna mtu kwenu aliyesaini kwamba kazi hii imekaguliwa.

Ankara yenu pia ina usafishaji wa nozeli 14 za kunyunyizia mafuta ambao hatukuuomba. Hatuupingi, ila karatasi ya majaribio ya mnyunyizo haikuambatanishwa, na hakuna aliyepitisha boroskopu (kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya injini) wakati nozeli zimetoka na matundu yako wazi. Hapo ndipo palipostahili macho. Themokapo 8 hutoa wastani. Nozeli moja yenye kaboni inaweza kuchoma vani za turbini huku ITT ikionekana ya kawaida kabisa.

Tunadai ndani ya siku 14: FCU yetu ya awali irudi pamoja na lebo na kumbukumbu zake, kwa sababu hakuna ushahidi wowote kwamba ilikuwa mbovu, gharama za FCU zote mbili na kazi yake zifutwe, karatasi ya majaribio ya nozeli iletwe, boroskopu ifanyike hapa Dodoma kwa gharama yenu, na maelezo ya maandishi kutoka kwa aliyesaini kiungo cha P3. Saa zetu za kutafuta uvujaji tutazileta kwenye ankara tofauti.

Siku hizo zikipita, barua hii pamoja na picha za nati hizo mbili itapelekwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Wenu katika kazi,

Idara ya Matengenezo ya Ndege,
Dodoma.

Viambatanisho: jedwali la mwenendo wa injini, vipimo vya themokapo, picha 6.