Kaka, usiuvae mtungi huo kabla sijarudi

Maskati, Oman

Kwa kaka yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, alhamdulillah, na kazi inakwenda. Hofu na mashaka ni juu yenu huko Pemba, wewe, mama, shemeji na watoto.

Nia na madhumuni ya barua hii ni ile habari aliyonipa mama. Kasema kuna tajiri kaja na mitungi ya hewa na mashine ya kujazia, anatafuta wazamiaji wa majongoo ya pwani, na wewe ndiye uliyetajwa mwanzo kwa sababu pale bandarini hakuna anayekushinda pumzi. Jambo hilo limeninyima usingizi. Ningepiga simu, lakini mimi na wewe tunajuana: tungeanza kubishana kabla sijafika nusu ya maneno yangu, na mtandao nao ungekatika. Ndiyo maana nimeandika na kumpa mtu anayesafiri akukabidhi mkononi. Nakuomba uisome yote.

Unajua kwamba hawa ninaowafanyia ubaharia wa boti wamenitia kwenye mafunzo ya uzamiaji. Daraja la kwanza nilimaliza. Sasa niko la juu yake: kuzamia kina kirefu, kutumia dira chini ya maji, na lile linalonitoa jasho hasa, kukaa katikati ya maji. Maana yake huzami wala huelei. Umetulia pale pale, mikono umeikunja kifuani, na chini yako kuna mchanga au matumbawe usiyotakiwa kuyagusa hata kwa ncha ya pezi la mguuni.

Hili ndilo linalonishinda mpaka leo, kaka. Mimi niliyekulia kwenye maji ya kisiwa chetu cha Misali, nikikufuata nyuma na mkuki wangu kutafuta pweza na kamba. Kwenye darasa letu wamo watu waliojifunza kuogelea ukubwani, na wao wanatulia majini mapema kuliko mimi. Mwalimu wetu, Mmisri mmoja mpole sana, ndiye aliyenieleza sababu, na nilipoielewa nikakufikiria wewe.

Sisi tunavuta pumzi moja juu, tunajaza kifua, tunaifunga, tunashuka. Tukifika pima tano au sita kifua kimeshabanwa na maji, mwili unakuwa mzito wenyewe, tunateremka bila kupiga miguu sana. Tukipanda, ile pumzi inarudia ukubwa wake wa mwanzo. Hatukuongeza kitu njiani. Mtungi haufanyi hivyo. Kule chini unakupa hewa iliyobanwa sawasawa na uzito wa maji yaliyokuzunguka. Kwenye mita 10, kifua kimoja cha hewa kina hewa ya vifua viwili vya huku juu. Mita 20, vitatu. Mita 30, vinne. Sasa mtu ajaze kifua mita 10 chini, aifunge pumzi kama tulivyozoea, kisha apande nayo. Hewa ile inataka nafasi mara mbili na kifua ni kile kile kimoja. Mapafu yanapasuka. Wala usidhani ni lazima uwe mbali: mita moja na nusu zinatosha kumuua mtu aliyejaza kifua na kukifunga.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mtungi ni kwamba pumzi haizuiwi hata mara moja. Na wewe na mimi tumeufundisha mwili kuizuia tangu tukiwa watoto.

Hebu nikueleze inavyokuwa, uone mwenyewe. Tunafanya mazoezi Bandar Khayran, ghuba iliyofunikwa na majabali, maji yametulia. Tunashuka mita nane hivi kwenye mchanga. Unalala kifudifudi, ncha za mapezi zimegusa chini, unatia hewa kidogo kwenye jaketi, lile la kuvaa linalojazwa hewa ya mtungi, mpaka mwili uwe karibu kuelea. Kuanzia hapo ni kifua tu. Ukivuta pumzi, kifua na kichwa vinanyanyuka; ukitoa, vinashuka. Lita moja ya hewa kifuani inakunyanyua kama kilo moja. Ni nyingi mno hiyo, kaka. Na haiji papo hapo. Unavuta pumzi na hakuna kitu. Unahesabu moja, mbili, ndipo mwili unaanza kwenda. Ukiwa na haraka umeshavuta nyingine, na sasa unapaa kwa zote mbili. Wewe nahodha utalielewa: ni kama usukani wa mashua iliyojaa mzigo, lazima uanze kuurudisha kabla omo, ile mbele ya chombo, haijafika unapotaka. Mimi usukani wa mashua naujua. Huu wa kifuani bado unanitangulia.

Na tatizo langu hasa liko hapa. Mwalimu akiniambia nitulie, kifua changu kinajaa na kufunga bila mimi kukiamrisha. Kwangu kutulia majini ndiko huko. Basi napanda. Kadiri ninavyopanda hewa ya kwenye jaketi inatanuka, na ikitanuka inanipandisha zaidi, mpaka nivute kamba ya bomba na kuitoa. Nikitoa nyingi nazama, na suti ya mpira niliyovaa (maji ya huku wakati wa baridi si ya kuingia na fulana) inabanwa na kina na kupoteza kuelea kwake, basi nazama kwa kasi zaidi. Ukianza kwenda upande wowote, bahari inakusaidia kwenda upande huo huo. Hilo sikulijua nyumbani, kwa sababu nyumbani tulikuwa tunashuka na kupanda tu, hatukai.

Kuna na hesabu ya risasi za kiunoni, vile vipande vizito vya kumzamisha mzamiaji. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukijazwa una hewa yenye uzito wa kilo mbili na zaidi. Unapoivuta uzito huo unapungua, na mtungi uliokuwa unazama unageuka kuelea. Kwa hiyo risasi unazojifunga asubuhi lazima ziwe za kukutosha mwisho wa mbizi, sio mwanzo wake. Ukijifunga chache, unamaliza kazi huwezi kubaki chini, unapanda kama boya. Ukijifunga nyingi, unatia hewa nyingi kwenye jaketi kuzifidia, na hewa hiyo yote inangoja kutanuka. Njia ya kujua ni kusimama juu ya maji, jaketi tupu, pumzi ya kawaida, maji yakufike usawa wa macho. Ukitoa pumzi uzame taratibu. Mwalimu alinitoa risasi mbili siku aliyonipima vizuri. Nilikuwa najifunga nyingi kwa kudhani ndizo zitakazonishika.

Kwa sasa kutulia peke yake naweza kidogo. Nikipewa kazi ya mikono ndipo inapoharibika. Wakisema nivue miwani na kuivaa tena huku nimekaa katikati ya maji, au nitie hewa kwenye boya la alama na kulipeleka juu kwa uzi, akili inahamia mikononi, kifua kinarudia tabia yake, na nikija kuangalia saa ya kina nimeshapanda mita mbili. Sasa wewe utakuwa na kazi gani kule chini? Kuokota majongoo. Mikono, macho na tamaa vyote viko mchangani, na pumzi hakuna anayeiangalia.

Nimeambiwa pia kwamba mitungi ya tajiri huyo haina jaketi wala saa ya kupimia kina na hewa. Kama ndivyo, mzamiaji atajifunga chubwi kiunoni atembee chini, na hewa ikikata atapanda kwa nguvu zake kifua kikiwa kimejaa. Huku tunapanda mita 9 kwa dakika, polepole kuliko mapovu yetu madogo, tunasimama mita 5 kwa dakika tatu, ndipo tunatoka. Si madoido. Ukivuta hewa iliyobanwa, sehemu ya hewa hiyo, ile naitrojeni, inaingia kwenye damu na nyama za mwili, na inataka muda kutoka. Ukipanda haraka, au ukikaa chini kupita kiasi, inatoka kwa mapovu ndani ya mwili. Viungo vinauma, miguu inakufa ganzi, wengine hawatembei tena. Kwa jedwali tunalotumia, mita 30 kwa mbizi ya kwanza ni dakika 20 tu. Je, tajiri atakuhesabia dakika? Unguja na Pemba wapo vijana waliopooza kwa sababu ya majongoo, na watu wakasema ni mashetani ya bahari. Hawakuwa mashetani, kaka.

Nisikuandikie ya kutisha peke yake. Juzi tulikwenda Daymaniyat, visiwa tisa vilivyo hifadhi tangu 1996, ambako ng'amba, wale kasa, hupanda kutaga. Nilimwona mmoja amejipachika chini ya mwamba anatafuna, nami juu yake kama mita mbili. Nilitoa pumzi polepole, nikangoja, nikashuka kiasi, nikavuta kidogo, nikabaki. Sikupiga pezi wala mkono. Ng'amba aliendelea kula. Sijapata kukaa hivyo na kiumbe cha bahari maisha yangu yote, kwani siku zote pumzi ilikuwa inaniita juu. Na nilielewa kwa nini mwalimu anakazania mapezi: tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na pezi la mtu asiyejimudu linalivunja kwa pigo moja. Nikayakumbuka ya kwetu Misali.

Wakiniridhia, mbizi ya kina kirefu nitaifanya kwenye Al Munassir, meli ya jeshi la majini la Oman waliyoizamisha makusudi mwaka 2003 iwe makazi ya samaki. Imelala kwenye mchanga, mita 30. Mwalimu kasema hanipeleki mpaka nikae dakika nzima bila kupanda wala kushuka huku nikifanya kazi ya mikono. Mwanzo nilikasirika. Sasa nashukuru.

Kaka, najua hali ya nyumbani. Najua bei ya mwani ilivyo, na ada ya shule haingoji. Sikuambii haya kwa kuwa niko mbali na nimeshiba. Nimeongea na waajiri wangu, wamekubali kunipa sehemu ya mshahara mapema, nami nitamtumia shemeji kwa simu kabla ya mwisho wa mwezi. Itatosha ada ya wote wawili na itabaki ya nyavu. Tajiri mwambie una mdogo wako anayesomea kazi hiyo na unamngoja. Nikija likizo Mfunguo Mosi, inshallah, nitakuja na jaketi mbili na vipimo vyake, tutaanza pale mchangani penye kina cha mtu na nusu, mimi na wewe, tujifunze kuvuta na kutoa mpaka kifua kisahau kujifunga. Ukiweza hapo, habari ya kuzama zaidi tutaizungumza.

Na yule kijana wako mkubwa usimwachie kabisa. Nasikia naye kavutiwa. Yeye hajui hata ninayoyajua mimi, na mimi bado najifunza.

Mama mpe mkono wangu, mwambie dawa za presha nimemtafutia na anazo mtu huyo huyo aliyekuletea barua, ziko kwenye mfuko wa kijani. Vidonge viwili kwa siku, asubuhi na jioni, kama daktari wa Chake Chake alivyomwandikia. Shemeji na watoto wasalimie wote. Barua hii usinijibu kwa kuandika, nipigie tu, jibu lenyewe ninalolitaka ni fupi.

Wasalaam,
Mdogo wako