Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Elimu kwa Kaya na Mafunzo kwa Vikundi vya Uzoaji Taka, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu kwa kipindi cha Julai 2024 hadi Juni 2025. Hesabu zitasomwa na Mweka Hazina. Mimi nitajikita katika kazi mbili mlizotuagiza, yaani elimu kwa kaya kuhusu taka ngumu na mafunzo kwa vikundi vinavyozizoa.

Kuhusu elimu, Kamati imefikia hitimisho ambalo huenda baadhi yenu hamtalifurahia. Kaya nyingi tulizozitembelea zilikuwa zinajua tayari namna ya kutenganisha mabaki ya chakula na chupa za plastiki; zilichokosa ni sababu ya kuendelea kufanya hivyo. Mama aliyetenga taka zake katika viroba viwili, kisha akaona vyote vikimwagwa ndani ya lori moja, harudii tena, hata akialikwa semina ya pili na ya tatu. Kwa hiyo tulisitisha mikutano ya hadhara katika mitaa isiyo na ratiba ya uzoaji ya kuaminika, tukakubaliana kwanza na vikundi kwamba guta (baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu) la taka oza na la taka rejeshi, yaani zinazoweza kuchakatwa tena, yapite siku tofauti, na ndipo wahamasishaji wetu wakaingia nyumba kwa nyumba. Mitaa tuliyoifikia imepungua, lakini katika ile tuliyobaki nayo utenganishaji unaendelea hata baada ya wahamasishaji kuondoka, jambo ambalo miaka ya nyuma hatukuliona.

Taka oza tumezipa uzito wa pekee kwa kuwa ni zaidi ya nusu ya taka za majumbani. Zinazogeuzwa mboji mtaani hazihitaji kusafirishwa hadi Pugu Kinyamwezi, dampo ambalo jiji limelitegemea tangu mwaka 2007 na ambalo kwa mitaa ya Kinondoni ni safari ndefu inayomeza sehemu kubwa ya ada ya taka. Wanachama wakongwe mtakumbuka kwamba mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilazimika kwenda Mahakama Kuu kupinga dampo lililokuwa katikati ya makazi yao, na kwamba baadaye Vingunguti na Mtoni nazo zilibeba mzigo huo kwa zamu. Katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu 5,383,728, sioni ni kata gani itakayokubali kuwa ya zamu inayofuata.

Kwa upande wa vikundi, mafunzo yaliyopokelewa vizuri zaidi ni ya kukokotoa gharama. Vikundi vingi vilihesabu ada yote iliyokusanywa kuwa ni kipato, bila kutenga fedha za matairi ya guta, glovu, mabuti na siku ambazo kaya hazilipi. Guta lilipoharibika, kazi ilisimama na taka zikaishia mitaroni. Sasa vikundi vinaandika daftari, vinatoa stakabadhi kwa kila malipo na vinaweza kumweleza afisa afya wa kata kwa nini ada fulani haitoshi. Daftari hizo zina manufaa pia kwa wanaoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyorejeshwa baada ya kusitishwa mwaka 2023, kwa kuwa mwombaji hutakiwa kuonyesha mwenendo wa shughuli yake.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulileta viongozi wapya katika baadhi ya mitaa, nasi tukalazimika kuwaeleza upya makubaliano yaliyofikiwa na waliowatangulia. Tangu sasa makubaliano hayo yatawekwa katika maandishi.

Suala ambalo hatujalitatua ni la waokota chupa wasio katika kikundi chochote. Wanapita alfajiri kabla ya guta, wanachukua chupa zenye bei, na kikundi kinabaki na taka zisizouzika. Baadhi ya wanachama wametaka wazuiwe. Kamati haikubaliani na hilo, kwa kuwa watu hao wamekuwa wakipunguza taka za jiji hili bila malipo ya mtu yeyote, na inapendekeza waingizwe kwenye vikundi kwa mgawo wa taka rejeshi. Rasimu ya utaratibu huo imo kwenye kabrasha zenu; naomba ijadiliwe na kupigiwa kura baada ya taarifa ya Mweka Hazina.