Wale tisa hawakupotezwa na jini

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako miaka mingi na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Kilichonitoa kimya ni ile makala yenu ya Jumapili kuhusu Lady Be Good, ndege ya mabomu ya Wamarekani iliyopotea Libya. Mmeiita ndege ya mkosi, mkaandika kwamba watu wake walitoweka kimiujiza, mkamalizia na majini wa jangwani. Mjukuu wangu aliisoma kwa sauti barazani, wenzake wakaangua kicheko. Watu tisa wamekufa kwa kiu, watoto wanacheka!

Nilikuwa fundi wa redio kwenye kiwanja kidogo cha ndege hadi nilipostaafu, na naona muujiza haupo hapo. Tarehe 4 Aprili 1943 ndege hiyo, B-24 Liberator, iliondoka Soluch karibu na Benghazi kwenda kupiga bandari ya Naples. Ndiyo kwanza inakwenda vitani. Ilirudi peke yake gizani, mawingu yametanda, na baada ya saa 6 usiku rubani William Hatton akaomba mwelekeo kwa redio kutoka Benina, kituo cha ndege karibu na Benghazi. Sasa, kile chombo cha kituoni cha kutafutia mwelekeo wa redio, chenye waya wa mduara, hukupa mstari tu. Hakikuambii kama ndege inakuja au imeshakupita. Inavyoelezwa, kituo kilidhani bado wanatoka baharini, kumbe pwani walishaiacha nyuma. Wakazidi kwenda kusini juu ya mchanga hadi mafuta yakawa yanakwisha, na kwenye saa 8 usiku wakaruka kwa miavuli.

Kosa hilo nalijua. Masika ya 1981 rubani wa ndege ndogo iliyobeba mgonjwa alituomba mwelekeo usiku, mvua inanyesha. Sehemu ya kutambua upande kwenye chombo chetu ilikuwa imekufa, na barua yetu ya kuomba kipuri ilikuwa imelala mezani kwa mkubwa miezi saba. Mwenzangu akasoma mshale, akampa. Mimi nilikuwa mlangoni, nikasikia injini nyuma ya jengo, upande wa pili kabisa! Nilimnyang'anya kipaza sauti nikapiga kelele, "Geuka, umetupita!" Alitua tangi likiwa karibu tupu. Usiku ule sikulala, na hadi leo nikisikia ndege usiku huwa natoka nje.

Kwa hiyo msiniambie habari za jini. Mwavuli wa mmoja wao, John Woravka, haukufunguka sawasawa, akafa palepale. Wanane waliobaki walikusanyika, wakaamini bahari iko karibu, wakashika njia ya kaskazini magharibi wakiwa na nusu chupa ya maji ya askari. Nusu chupa, watu wanane! Robert Toner, rubani msaidizi, aliandika kwenye kijidaftari chake jinsi walivyogawana kizibo kimoja cha maji kwa siku, jua likiwachoma mchana na baridi ikiwatesa usiku. Waliacha viatu na vipande vya miavuli vilivyokandamizwa kwa mawe, ili wanaowatafuta waione njia. Watano waliishiwa nguvu baada ya zaidi ya kilomita 100, watatu wakaendelea. Maandishi ya Toner yanakoma tarehe 12 Aprili. Na ndege yenyewe ilikuwa imejitua kwa tumbo kiasi cha kilomita 26 kusini ya pale waliporukia, ndani yake mna maji na redio inayofanya kazi. Wasingeweza kujua. Hayo ndiyo ya kuandikwa, Mhariri, na nyinyi hamkuyagusa hata kwa neno moja!

Watafuta mafuta waliiona ndege mwaka 1958, miili minane ikapatikana 1960. Baadaye kila aliyepita akakata kipande cha bati, hadi mabaki yakahamishiwa Tobruk mwaka 1994. Tabia hiyo tunayo hapa kwetu. Kibao cha kona kali karibu na kijiji chetu kimeng'olewa mara tatu kikauzwa vyuma chakavu, na hakuna anayemuuliza mnunuzi kakitoa wapi.

Ninachotaka: Jumapili ijayo, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule mlioandikia neno MKOSI, chapisheni majina yao na ramani yenye kaskazini iliyowekwa wazi. Nayaandika hapa msije mkakosea: William Hatton, Robert Toner, D.P. Hays, John Woravka, Harold Ripslinger, Robert LaMotte, Guy Shelley, Samuel Adams, na Vernon Moore. Kwa Moore andikeni kwamba hakupatikana. Baba yangu mkubwa alikwenda vitani Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, naye kaburi lake hatulijui.

Fundi redio mstaafu,
Tanga