Mtoto anayekaa dirishani kwenye kipindi cha maigizo sio mvivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita kuna msomaji aliandika hapa kwamba vijana wa sekondari siku hizi hawataki kabisa maigizo, ukiwaita mbele wanainamisha vichwa na kuchekacheka tu, akasema sababu ni simu na uvivu. Barua ile nimeisoma mara mbili nikashindwa kukaa kimya mana mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya kata huku mkoani Morogoro, na mwaka wa tisa huu nasimamia maigizo, na huyo mtoto anayeinamisha kichwa namjua vizuri sana. Mwanzoni nilimkosea, ndio mana naandika.

Kwanza hilo la simu. Hao hao wanaokataa kusimama mbele ya darasa, likizo wanajirekodi wanacheza na kuigiza sauti za watu na wanaweza kweli kweli, nimeonyeshwa na wazazi wao wenyewe. Tofauti ni kwamba kwenye simu akikosea anafuta anarudia hata mara kumi, alafu anayemcheka hamwoni usoni. Darasani kicheko kinamkuta palepale na hakifutiki, kesho yake asubuhi bado kinamsubiri kwenye mstari wa paredi. Sasa mtoto akikwepa kitu kama hicho huo ni uvivu au ni akili?

Kidato cha pili kwangu wako 64. Kuna kijana mmoja alikuwa anakaa pembeni dirishani, sauti ndio inavunjika, akiongea inaanza nzito inaishia nyembamba. Mwaka ule nilikuwa na tabia ya kuchagua mtu kwa kidole, wewe njoo hapa mbele, soma nafasi ya baba. Nikamwita. Akakataa, nikamwita tena kwa ukali, akaja. Alisoma mstari mmoja sauti ikakatika katikati, darasa zima likaangua kicheko, na mimi badala ya kusimamisha kile kicheko nikamwambia aongeze sauti. Jumatano iliyofuata hakuonekana, nikaambiwa yuko kisimani anachotea jiko maji. Iliyofuata hivyo hivyo. Yani mtoto aliona bora abebe ndoo za maji kwenye jua la saa nane kuliko kuingia kipindi changu. Nililala na lile jambo siku nyingi.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha nilikitoa kwa bibi yangu, sio kwenye kitabu. Bibi akisema paukwa, wote tunaitika pakawa, hakuna anayeulizwa kama anataka kuitika au hataki. Akisema kitendawili, wote tega. Ukishindwa kutegua hupigwi wala huchekwi, unaambiwa toa mji, unatoa mji, anayetega anausifu ule mji alafu anakupa jibu mambo yanaendelea. Angalia hiyo kitu ilivyo na hekima, aliyeshindwa anapewa kazi ya heshima, anatoa mji! Basi nikaanza kila kipindi hivyo, tumetoka nje chini ya mwembe, duara, madawati tumeyaacha ndani na fimbo nimeiacha ofisini. Mwezi mzima wa kwanza hakuna mtu anasimama peke yake. Wote tunaitika pamoja, alafu wawili wawili mmoja anakuwa kioo cha mwenzake, ukiinua mkono anainua, alafu vikundi vya watu sita wanatengeneza picha iliyoganda, labda ni kituo cha daladala au msibani, hakuna kuongea, wanaganda tu na wengine wanabahatisha nani ni nani.

Yule kijana nilimfuata kisimani. Sikumwambia arudi aigize, nilimwambia nahitaji mtu wa mvua. Tulikuwa na igizo la familia iliyopata mafuriko, na huku kwetu mafuriko mtu hahitaji kuelezwa. Nikampa ungo una mahindi makavu. Ukiuzungusha polepole inakuwa manyunyu, ukiongeza mwendo inakuwa mvua ya masika yenyewe, ukiuinamisha ghafla punje zote zikakimbilia upande mmoja unasikia kama ukuta wa udongo umeshuka. Aliujua ule ungo ndani ya siku moja. Akaanza kuja mapema kuliko wenzake ili achague mahindi yaliyokauka vizuri, anasema mabichi hayatoi sauti. Bado haongei na mimi simlazimishi. Jumatano moja kitendawili kikamfikia akashindwa, duara zima likamwambia toa mji, kimya, kimya, alafu akasema Kilosa. Neno moja. Wote wakamshangilia mana ndio utaratibu, kila mji unashangiliwa, hakuna aliyejua kwamba mwalimu wao pale anajikaza asitoe machozi.

Wiki kama tatu baadae, katikati ya zoezi, mwenzake anaigiza mjomba anayekuja kuwafukuza watoto wa ile familia kwenye nyumba, anapiga kelele na kutoa macho kama wanavyoona kwenye filamu. Ungo ukanyamaza. Kijana akasema mwalimu sio hivyo, mjomba wa hivyo hapigi kelele, anaongea taratibu. Nikamwambia basi tuonyeshe. Akaweka ungo chini, akaenda akakaa kwenye tofali, akavuta pumzi, na akaongea taratibu kweli, na sauti yake ile ile inayovunjika, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyecheka kwa sababu ule mjomba kila mtu alimjua.

Nilikuja kujua baadae kwamba kulikuwa na Mbrazili aliyeitwa Augusto Boal aliyejenga namna nzima ya maigizo juu ya jambo hilohilo, anayetazama ana haki ya kusema simama, akaingia mahali pa mwigizaji akaonyesha vile yeye anaona ingekuwa. Na wala hatuna haja ya kwenda Brazil. Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba walianzisha mradi wa Tuseme kwa ajili ya wasichana wa sekondari, hao waliokuwa wanaambiwa hawaongei, hawajiamini. Hawakuwapelekea maneno ya kukariri. Wasichana wenyewe walitaja kinachowasumbua shuleni na nyumbani, wakakijadili, wakakitengenezea igizo, wakacheza mbele ya walimu na wenzao, alafu mjadala ukafuata. FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, wakaichukua njia hiyo wakaisambaza nchi nyingine za Afrika. Mhariri, ni kitu cha hapa hapa nyumbani, kimeanza na watoto wale wale tunaosema hawataki, ila ukimuuliza mwalimu kijana leo anakuambia ndio kwanza anasikia.

Niseme na la wasichana kwa sababu wao wana yao. Msichana anakataa kuigiza mke, sababu iko wazi, akishaigiza mke wa fulani siku moja ataitwa mke wa fulani mpaka muhula uishe, na nyumbani zikifika habari anaambiwa anaanza uhuni. Mama mmoja alikuja mpaka shuleni amekasirika na sikuona kosa lake. Tulichofanya, tukachukua khanga moja tu, inatundikwa kwenye msumari kwenye shina la mwembe. Anayeivaa begani ndio mama wa igizo, na ndani ya kipindi kimoja inavaliwa na watu watano sita, wavulana wakiwemo. Ukiirudisha msumarini umeacha kila kitu pale, jina lako la igizo limebaki pale. Anayemwita mwenzake jina la igizo nje ya duara anakaa nje wiki mbili, na hiyo sheria wamejitungia wenyewe. Yule mama nilimwalika akaja kutazama akakaa mpaka mwisho, na aliporudi alikuja na khanga nyingine akasema ile imechakaa.

Lugha nayo tusiisahau. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza karibu kila somo ni kwa Kiingereza, ukiacha Kiswahili chenyewe, kwa hiyo mwaka mzima akifungua mdomo anasahihishwa. Anajifunza kunyamaza. Huo ukimya anauleta mpaka kwenye kipindi changu cha Kiswahili akiwa ameshauzoea, na usidhani utauondoa kwa kumkabidhi kurasa za tamthilia asome kwa zamu dawati hadi dawati, mmoja anasoma wengine wanahesabu mistari wajue zamu yao itaangukia wapi. Nimefanya hivyo miaka mingi na vitabu vya mtihani. Tamthilia ya Ngoswe ya Edwin Semzaba kwa mfano, yule karani wa sensa. Nilipowaambia wafunge vitabu, mmoja awe karani anabisha hodi, wengine wawe kaya yenye mzee asiyetaka kuhesabiwa, duh, maneno yalitoka wapi sijui, kila kikundi kilikuwa na mzee wake na sababu zake, ukifungua kitabu baada ya hapo wanasoma kwa hamu wanataka kujua Semzaba alifanyaje na mzee wake.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Shule zetu nyingi igizo lina kazi mbili tu, mahafali na ugeni. Zikibaki wiki tatu mgeni rasmi afike, mwalimu anaambiwa andaa igizo na ngonjera, anafanya nini, anachukua wale kumi na mbili wenye sauti, wale wale tangu kidato cha kwanza, anawakaririsha. Linapendeza, mgeni anapiga makofi anatoa bahasha. Wengine 50 na kitu kazi yao ni kupanga viti. Miaka minne mtoto hajawahi kuigiza hata dakika moja alafu tunaandika kwenye magazeti kwamba hawapendi. Hao kumi na mbili wala hawahitaji sana kile kipindi, wangeongea hata sokoni. Kipindi ni cha wale wanaopanga viti.

Na ukikaribia mtihani wa taifa wa kidato cha pili, kipindi cha kwanza kukatwa ni cha maigizo ili kiongezwe cha hesabu. Mimi mwenyewe nimekatiwa mihula miwili. Naelewa presha ya wakuu wa shule, matokeo yanabandikwa, mkoa unauliza. Ila yule kijana wa dirishani, walimu wenzangu wawili waliniuliza kwa nyakati tofauti nimemfanya nini, mana ameanza kunyoosha mkono kwenye vipindi vyao.

Sio wote wanakubali, hilo nalo niliseme. Nina binti yuko kidato cha tatu mpaka leo hajawahi kusimama katikati ya duara. Anashika daftari la igizo, mtu akisahau maneno anamnong'oneza, na anajua maneno ya kila mtu. Siku alipoumwa tulikwama vibaya. Namhesabia kuwa yumo kama wengine, na kwenye alama za klabu ya maigizo namwekea kwa kazi yake, siangalii kipaji cha mtu, naangalia kama amebeba mzigo wake.

Ombi langu kwa wakuu wa shule wanaosoma gazeti hili ni kwamba hiyo Jumatano mtuachie, dakika 80 kwa wiki, na mkituomba igizo la mgeni tukubalieni tulete darasa zima hata kama halitapendeza kama la wale kumi na mbili. Na kwa msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita, namkaribisha kwa moyo mmoja. Tunaanza saa nane na nusu chini ya mwembe, aje tu akae kwenye duara, atategewa kitendawili, akishindwa atoe mji.

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro